Ndoo Mbili za Bwana Ntandao

"Mimi sihami. Kinachohama ni kitanda!"

Maneno hayo aliyasema Kasiani Barnaba mbele ya kadamnasi, siku ya kumuaga pale Lisekese, akiwa ameshika kipaza sauti cha kukodi kilichokuwa kinapiga miluzi kuliko kuongea. Wajomba walikuwepo, mashemeji walikuwepo, katekista alikuwepo, na wale ambao hawakualikwa lakini walisikia harufu ya pilau walikuwepo na walikaa mbele. Kasiani akakohoa, akaendelea.

"Mnanililia kana kwamba naenda kufia ugenini. Jamani, mimi naishi kwenye intaneti. Masasi nipo intaneti, Newala nipo intaneti. Jirani wa nini? Nawaambia mbele ya katekista, huko Newala sitamwuliza mtu hata swali moja!"

Watu wakapiga makofi. Mkewe, Flora, hakupiga. Alikuwa amembeba mtoto, na isitoshe alikuwa anamjua mumewe.

Aliyehamishwa kikazi hasa alikuwa Flora. Ni muuguzi, na serikali ilikuwa imempeleka Newala. Kasiani alikuwa anamfuata, na hilo liliwapa watu cha kutafuna wiki nzima. "Unaolewa lini, Kasiani?" walimwuliza dukani. Mjomba wake, Mzee Zabroni, ndiye pekee ambaye hakuona ajabu.

"Zamani sisi wote tulihamia kwa wake zetu," alisema. "Ila mwanamume alikwenda na jembe begani, wakwe wakaona kweli kaja mtu. Wewe unakwenda na nini?"

Kasiani akatoa mfukoni modemu, kijiti cheupe kidogo kuliko kiberiti, akakiinua juu. Mjomba akakipokea, akakigeuza huku na huku.

"Hicho kinapalilia?"

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tisa. Soko huria lilikuwa limeshapanda mlima mpaka kwetu, na kampuni za simu zilikuwa zinagombania kuta. Ulilala duka lako ni jeupe, ukaamka ni jekundu. La jirani limekuwa la bluu, na muuza chumvi wa ng'ambo ya barabara kapakwa njano mpaka kwenye kizingiti. Rangi za simu zilikuwa zimeshafika kila kijiji. Simu zenyewe ndizo zilikuwa njiani.

Pale Masasi, karibu na stendi, Kasiani alikuwa mtu. Alikuwa anasimamia mgahawa wa intaneti wa Mzee Reginald, chumba chenye kompyuta kadhaa na feni moja iliyokuwa inageuka kutazama kila mteja isipokuwa aliyekuwa anatoka jasho. Walimu walimpelekea mambo yao awafungulie barua pepe, na wakisahau neno la siri walimwuliza yeye, naye alikuwa analikumbuka. Hakuna padri anayebeba siri za watu kama kijana wa intaneti.

Mzee Reginald alikuwa mtu wa tumbo la heshima na maneno mafupi. Alipoambiwa habari ya Newala, alitoa shauri lake papo hapo.

"Sikiliza. Kiti chako nakushikia wiki moja. Ukifika huko, nitumie barua pepe kwa hiyo modemu yako, na ndani yake picha, niwaone watu watakaokuwa wateja. Ikinifikia kabla ya Jumamosi adhuhuri, nafungua tawi Newala na wewe ndiye msimamizi. Isiponifikia, Jumatatu uwe hapa mlangoni. Nimechoka kufundisha watu wapya kuwasha jenereta."

"Mzee, utaipata kabla kitanda hakijashushwa."

Kitanda kilishushwa kwenye kenta Jumapili alasiri, vumbi jekundu mpaka kwenye chaga. Barua ilikuwa haijatumwa.

Hapo ndipo ilipokuwa roho ya mambo. Serikali haimrudishi muuguzi Masasi kwa sababu ya modemu ya mumewe. Barua isipofika, Flora na mtoto wao Josephina wangebaki Newala, na Kasiani angerudi Masasi peke yake, awe baba wa mwisho wa mwezi, anayekuja na mkate na kuondoka na nguo chafu.

Walipanga vyumba viwili kwa Mama Ethel, mama mjane anayeuza vitumbua barazani kwake. Mwanawe Ethel yuko Dar es Salaam kiwandani. Kasiani aliingia uani siku ya kwanza akiwa ameinua modemu juu kama mtu anayetafuta upande wa upepo, akampita mwenye nyumba bila kusema neno.

"Marahaba, mwanangu," Mama Ethel akaitikia salamu ambayo hakupewa.

Taa ya modemu ilitakiwa iwe ya bluu. Ikawa nyekundu. Kasiani akaiweka dirishani: nyekundu. Akaiweka juu ya kabati: nyekundu. Jumatatu akapanda paa.

"Baba wee," Mama Ethel akamwita kutoka chini, "kama bati limekukosea, si uniambie mimi?"

Jumanne akapanda mkorosho nyuma ya nyumba, laptopu kwapani. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na mihogo wakasimama kumshangaa. "Njomba, msimu bado mbali. Unavuna nini huko?" Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshampa jina. Kwetu herufi ya m mbele ya t haina maisha marefu, basi wakamwita Bwana Ntandao.

Jumatano asubuhi akaenda mpaka ukingoni kwa uwanda, pale Shimo la Mungu, ambako ardhi inaishia ghafla na bonde lote la Ruvuma liko chini ya miguu yako. Wageni husimama pale wakashindwa kusema kitu. Kasiani hakulitazama bonde, alitazama taa. Ikawaka bluu! Akapiga yowe peke yake. Kabla hajamaliza kuandika "Mheshimiwa Mzee Reginald", ujumbe ukaingia ukimkaribisha Msumbiji kwa furaha kubwa, na vocha yote ikawa imekwisha. Mtandao wa ng'ambo ndio uliokuwa umempokea. Alikuwa amekwenda nje ya nchi bila pasipoti, akarudi bila salio.

Siku hizo hizo, Flora alikuwa amekwishapata shangazi wawili, mtu wa kumletea ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, na mwanamke wa kumshikia Josephina akiwa zamu. Hakuwa na modemu. Alikuwa anasalimia tu.

"Wewe umeunganishwa na dunia nzima," alimwambia mumewe, "kasoro uani."

Jumatano hiyo hiyo, jioni, Kasiani alivunja kiapo. Alimfuata Mama Ethel jikoni, akauliza kwa sauti ya chini, upepo usije ukaipeleka Lisekese.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba! Eh, leo umeshuka duniani."

"Eti mama, hapa Newala mtandao unapatikana wapi?"

"Unataka kuchota?"

Kasiani akadhani hajasikika. "Mtandao, mama. M-ta-nda-o."

"Masikio ninayo. Kuchota ni kwa Mzee Dadi, njia ya kwenda Shimo la Mungu, pale kisimani. Uwahi alfajiri, maana kuna foleni. Jua likishapanda huchoti kitu."

Kasiani alishukuru kwa adabu zote, akaingia ndani, akafunga mlango, akacheka mpaka akakaa chini.

"Maskini, mama wa watu," alimwambia Flora. "Namwuliza mtandao, ananielekeza kisimani!"

Flora, naye mgeni, alicheka kidogo halafu akaacha. "Si ungekwenda tu ukaone?"

"Niende kisimani na modemu? Nikaitumbukize?"

Alhamisi ikapita. Ijumaa alinunua vocha mpya, akazunguka stendi, sokoni, mpaka njia ya Makote, na taa ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Jioni alimkuta Flora amekaa kitandani anakunja mashati yake na kuyapanga kwenye begi. Jumatatu ilikuwa imekaa katikati yao kama mgeni wa tatu. Josephina alikuwa ameshika mguu wa meza, anajifunza kusimama. Anaachia mkono mmoja, anayumba, anacheka, anashika tena. Kasiani alimtazama, akajua kabisa mtoto huyu ataachia mikono yote miwili wakati yeye yuko Masasi anawasha jenereta. Hakupanda mkorosho jioni hiyo. Hakufungua hata laptopu.

Jumamosi kabla ya jua, pipa la maji lilikuwa linatoa mlio wa ngoma tupu. Flora alikuwa anavaa sare zake aende zamu.

"Ndoo mbili hizo," alisema. "Umesema mwenyewe kuna kisima kwa Mzee Dadi. Mtandao umekukataa, lakini maji hayana kisirani na mtu."

Newala asubuhi ya mwezi wa sita ina baridi ya kumfanya mtu mzima avae sweta la mkewe, na Kasiani alikuwa amelivaa. Alikwenda na ndoo zake, ya njano na ya bluu, ukungu umeshika njia. Kwa Mzee Dadi aliiona foleni kweli, watu wengi tu, wamejifunika kanga na makoti, wanakwenda hatua moja moja kuelekea kwenye kisima cha saruji kilichoinuka kidogo juu ya ardhi. Akasimama nyuma yao. Kilichomshangaza ni kwamba hakuna mwingine mwenye ndoo. Kila mmoja alikuwa na simu mkononi. Na juu ya mfuniko wa kisima alikuwa amesimama mwanamke, kidole sikioni, anapiga kelele: "Mwambie baba mbuzi kazaa! Mbuzi! Kazaa!"

Kasiani akaelewa. Alielewa kuanzia miguuni, joto likapanda polepole mpaka masikioni, na laiti ukungu ungezidi kidogo angeondoka nao. Lakini Ashraf, fundi baiskeli, alikuwa ameshageuka.

"Bwana Ntandao huyo! Tena na ndoo mbili! Jamani, huyu kaja kuchota wa mwaka mzima!"

Foleni nzima ikageuka.

"Mwacheni, ana familia," akasema Mwalimu Julia, anayefundisha shule ya msingi na anayejua kunyoosha mtu bila kiboko. "Njomba, ukishajaza, weka majani juu. Ntandao ukitikisika unamwagika."

"Ya njano utie wa simu, ya bluu utie wa kompyuta!"

Watu walicheka mpaka yule wa mbuzi akawatukana kwa sababu alikuwa hasikii. Mzee Dadi, mwenye kisima, alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni na kikombe cha chai. Yeye hakucheka sana. Alimwonea mgeni huruma kiasi, akamweleza.

"Kisima hiki kilijengwa na baba yangu kwa hela ya korosho, cha kuvunia maji ya mvua. Watu wote unaowaona hapa wamekulia maji yake. Kikapasuka chini, kikakauka, watu wakanihama. Siku moja huyu Ashraf kakaa juu ya mfuniko anakula muhogo, simu yake ikaita. Newala nzima simu hazikamati, hapa inaita! Basi watu wakarudi, na foleni yao ile ile, ila ukungu ukiondoka hewa nayo inakata. Tungesema wanakuja kufanya nini? Hapa ni pa kuchota."

Mama Ethel naye alikuwa kwenye foleni, simu yake imefungwa kwenye pindo la kanga. Alikuwa anamtazama Kasiani kuanzia ndoo mpaka sweta.

"Mama," Kasiani akasema, "uliniambia. Nikacheka."

"Nilisikia. Ukuta wangu ni wa udongo."

Sasa ndipo akili ikamrudia. Jumamosi! Adhuhuri ilikuwa bado. Lakini laptopu ilikuwa nyumbani, na foleni ilikuwa inaongezeka nyuma yake. "Nikienda kuichukua," alisema, "nitarudi nianze mwisho. Jua litakuwa limepanda."

"Ndoo zako si zipo?" akauliza Mzee Dadi.

"Zipo."

"Sasa wewe una shida gani? Kisimani ndoo ndiyo mtu. Ikisimama, umesimama. Halafu wewe ni mgeni, hujapata kuchota hapa. Mgeni siku ya kwanza anatangulia. Ilikuwa hivyo kwenye maji, itakuwaje kwenye hewa?"

Ashraf, aliyekuwa amemcheka kuliko wote, akazichukua zile ndoo, akapita nazo kando ya foleni nzima, akaziweka mbele kabisa chini ya mfuniko. Hakuna aliyeguna. Kasiani akakimbia. Waliomwona wanasema sweta la Flora lilikuwa linampepea kama bendera.

Aliporudi, anahema, ndoo zake zilikuwa zinamngoja pale pale, zimeshikilia nafasi yake. Akaigeuza ya njano chini juu, ikawa meza. Akaigeuza ya bluu, ikawa kiti. Akachomeka modemu. Nyekundu.

"Geuka! Mgongo kwa Ruvuma!"

"Sogea kushoto, hapo unaingia Msumbiji!"

"Kulia kidogo. Kidogo, njomba, si mpaka Lindi!"

Taa ikawa ya bluu, na vocha mpya ikaingia.

Akapiga picha ya foleni kwa simu. Hapo ilipotea dakika nzuri kwa sababu wanawake walitaka kwanza kufunga kanga vizuri, na Ashraf alitaka aonekane na pampu yake. Akaihamishia kwenye laptopu, akaiambatanisha, akabonyeza tuma. Mstari ukaanza kutambaa. Ukafika robo ukasimama. Akaanza upya. Ukafika robo ukasimama. Jua lilikuwa limeanza kutoboa ukungu.

"Unajua kwa nini?" akasema Ashraf. "Simu zetu zote zimewaka hapa, kila moja inanyonya. Ni kama mabomba. Wote mkifungulia, wa juu hapati kitu."

Watu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na jambo lake. Mwalimu Julia alikuwa anangoja kumsikia mumewe aliyeko Songea. Mama Ethel alikuwa anangoja kuliko wote. Ethel hupiga simu Jumamosi tu, asubuhi, kabla ya kuingia kazini, na asipopatikana hapigi tena mpaka Jumamosi nyingine. Mtaa wote unalijua hilo, na Kasiani mwenyewe, ambaye hakuwahi kumwuliza mtu habari zake, alikuja kulijua baadaye.

Mama Ethel akafungua pindo la kanga, akatoa simu, akaizima. Alikuwa wa kwanza.

"Zimeni," akasema. "Mama Josephina ameshanieleza habari ya barua hii. Ethel atapiga Jumamosi ijayo. Barua haina Jumamosi ijayo."

Wakazima. Moja baada ya nyingine, zile sauti ndogo za kuaga zinazotolewa na simu zikasikika foleni nzima mpaka mwisho. Kukawa kimya, hata jogoo wa Mzee Dadi akanyamaza. Mstari ukatambaa. Robo. Nusu. Watu walikuwa wamesogea, wamezunguka ndoo, wanaangalia kama wanaangalia chungu. Robo tatu. Mwalimu Julia akaanza kuomba kwa midomo, Ashraf naye upande wake akaanza kwa Kiarabu, na sijui ni ipi iliyofika kwanza, maana mstari ukajaa na kioo kikaandika kuwa barua imekwenda.

Kelele zilizopigwa pale, yule mbuzi aliyezaa alizisikia.

Simu ya Kasiani ilipowashwa, haikuchelewa kuita.

"Kasiani! Nimeipata. Hawa wote ni wateja?"

Kasiani akawatazama. Akamtazama Ashraf na pampu, Mzee Dadi na kikombe, Mama Ethel ambaye alikuwa anaiwasha simu yake bila haraka, kwa kuwa saa ya Ethel ilikuwa imeshapita.

"Hapana, mzee. Ni majirani zangu."

"Sitaki majirani, nataka wateja!"

"Ndio hao hao, mzee."

"Haya. Na hizo ndoo za nini?"

"Nitakueleza ukija."

Alirudi nyumbani na ndoo tupu, maana shughuli ya maji aliisahau kabisa. Mama Ethel akampita mlangoni, akazichukua, akaenda kwenye kisima chake mwenyewe cha uani, ambacho hukifunga kwa kufuli, akazijaza mpaka pomoni. Maji ya kiangazi hayo, ambayo kwetu mtu hupimiwa kwa kikombe.

"Shika, Baba Josephina," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo Newala. Kasiani akapokea ndoo kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, kama mtoto aliyelelewa. Flora aliporudi kutoka zamu alimkuta anayatoa mashati kwenye begi, anayatundika moja moja, na Josephina amemshika suruali.

Mzee Reginald alikuja mwezi uliofuata, na kompyuta pungufu ya alizoahidi, na nguzo ndefu ya antena. Chumba kilijengwa ubavuni mwa kisima, kwenye kiwanja cha Mzee Dadi, ambaye sasa ana kigoda ndani na kingine nje. Kasiani huwasalimia watu mpaka wengine wamechoka kuitikia. Anauliza kila kitu. Anauliza bei ya mbegu, anauliza njia anayoijua, anauliza hali ya mbuzi. Walipokwenda Lisekese Krismasi, Mzee Zabroni akamwuliza kama kile kijiti kimepalilia.

"Kimepalilia, mjomba," alisema. "Lakini jembe nilipewa na watu."

Jumamosi asubuhi hufungua mapema, na kabla ya mteja yeyote humketisha Mama Ethel kwenye kompyuta ya kwanza, iliyo karibu na dirisha. Ethel humwandikia kutoka Dar es Salaam, Kasiani humsomea, na jibu huandikwa kwa sauti ya watu wote wa chumbani. Mama Ethel hajawahi kulipa. Alijaribu mara moja, wakakosana siku nzima.

Ukutani, kwa maandishi ya Ashraf aliyebakiza rangi ya baiskeli, kuna tangazo. Limeandikwa KUCHOTA. Mgeni siku ya kwanza anatangulia, na ni bure. Siku ya pili, nusu saa ni shilingi mia saba.